Mji uitwao Uhuru: siku sita Mississippi

Alhamisi, 21 Septemba 2023. Chicago

Treni ya kusini inaondoka saa mbili usiku. Nimebeba chapati sita, mayai manne ya kuchemsha, chupa ya chai na daftari hili. Jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja mtu mzima anayerudi kwao kuzika, aliponiona nafungua chapati alicheka. Anasema mama yake alikuja Chicago kwa reli hii hii akiwa msichana, na kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, kwa sababu enzi hizo mweusi hakuuziwa chakula njiani. Nikampa chapati moja. Ameila kavu, akaomba ya pili.

Safari hii ameniagiza mjomba. Mjomba alisoma Same mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hesabu alifundishwa na Mmarekani mweusi, mpole, mwenye miwani, anayeongea taratibu mpaka waliokaa nyuma wategeshe masikio. Walimwita Mwalimu Moses. Walijua ametoka Marekani na mkewe, kwamba watoto wao wana majina ya Kiswahili, Maisha na Malaika, na kwamba hakubali jibu bila kuonyeshwa njia. Zaidi ya hapo hawakujua. Aliondoka 1976.

Julai 2021 Robert Moses alifariki Florida, umri miaka 86. Magazeti ya huku yakaandika maisha yake yote, nami nikamtumia mjomba. Alinipigia usiku wa manane wa kwao. Alichotaka kujua ni kimoja: "Kumbe alipasuliwa kichwa kwa sababu ya kupeleka watu wakajiandikishe kura?" Nikamwambia ndiyo mjomba, 1961, karibu na mahakama ya mji unaoitwa Liberty, kaunti ya Amite, Mississippi. Kimya. Kisha akasema, "Miaka yote ile hakutuambia neno." Halafu: "Wewe si uko huko huko? Nenda ukapaone."

Huko huko ni zaidi ya kilomita elfu moja. Likizo nimeipata baada ya miaka miwili.

Ijumaa, 22 Septemba. Jackson

Nimeshuka karibu na adhuhuri, shingo imekakamaa. Joto la hapa ni la Tanga, lile la kushika shati. Nimechukua gari la kukodi na kwenda moja kwa moja kwenye jengo la nyaraka la jimbo, mtaa wa North. Begi unaacha kwenye kabati, kalamu ya wino hairuhusiwi, unapewa penseli. Ukumbi ni wa ubaridi, wazee wanatafuta ukoo wao kwenye mashine za kusomea filamu, hakuna anayeongea.

Nilikuja nikidhani nitakuta daftari za majina. Zipo, kaunti hii na kaunti ile. Lakini kilichonishika mchana kutwa ni fomu.

Niseme kwanza ilikotoka. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1867, jeshi la serikali kuu liliandikisha wapiga kura Mississippi nzima, na theluthi mbili ya wanaume weusi wakaingia daftarini, wengi wao wametoka utumwani miaka miwili tu nyuma. Walichagua, wakachaguliwa, jimbo likapeleka maseneta weusi wawili Washington. Wazungu wakalirudisha jimbo mikononi mwao kwa bunduki 1875. Na 1890 wakakaa hapa Jackson kuandika katiba mpya ili bunduki isihitajike kila uchaguzi. Wajumbe 134, mweusi mmoja, katika jimbo ambalo zaidi ya nusu ya watu wake walikuwa weusi. Katiba yenyewe wananchi hawakupigishwa kura. Ilianza tu kutumika.

Haina mahali inaposema mweusi asipige kura, maana katiba ya nchi ilishakataza hilo. Inasema mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa dola 2 kwa miaka miwili mfululizo, awe amekaa jimboni miaka miwili, asiwe ametiwa hatiani kwa makosa fulani, na aweze kusoma ibara ya katiba, au aielewe akisomewa, au atoe maana yake inayoridhisha. Inayomridhisha nani? Karani wa kaunti anayeandikisha wapiga kura. Hiyo "au" ndiyo mlango wa nyuma: mzungu asiyejua kusoma anasomewa kamstari kamoja, anatikisa kichwa, kaelewa. Kufikia 1892 weusi waliobaki daftarini hawakufika 9,000 kati ya takribani 147,000 wenye umri wa kupiga kura. Mahakama Kuu ya nchi iliitazama katiba hiyo 1898 ikasema haioni ubaguzi ndani yake.

Weusi walipoanza kusoma kwa wingi, "au" ikawa "na". Marekebisho ya 1954 yakataka mtu asome, aandike na afafanue, yote kwa pamoja. Fomu niliyoishika leo ni ya wakati huo. Mwanzo wake ni fomu kama fomu: tarehe, jina kamili, umri, kazi, mwajiri, unaishi wapi. (Swali la mwajiri lisikupite hivi hivi.) Swali la 18: nakili hapa chini ibara ya katiba ya Mississippi ambayo karani atakuteulia. La 19: andika maana ya ibara uliyonakili. La 20: eleza unavyouelewa wajibu wa raia chini ya serikali ya kikatiba. Chini ya kila moja mistari michache mitupu. Imepigwa chapa safi, haina tusi hata moja. Ukiiokota barabarani ungedhani ni ya mtu anayeomba kazi ya ualimu.

Katiba ina ibara 285. Ya 30, kwa Kiingereza, ni maneno saba: hakuna mtu kufungwa kwa ajili ya deni. Mawakili wa serikali kuu walipofukua fomu miaka ya sitini walikuta ibara fupi kama hiyo ikirudi na kurudi kwenye fomu za wazungu. Weusi walipewa nini? Nimejijaribu na ibara ya 182, inayohusu kuyatoza kodi makampuni. Inaanza kwa kusema mamlaka ya kuyatoza hayatasalimishwa kwa mkataba wowote, kisha inakuja "isipokuwa", kisha isipokuwa ya isipokuwa, muda wa msamaha uhesabiwe tangu tarehe gani kwa kampuni na tangu tarehe gani kwa mtu binafsi. Nimenakili kwa penseli, mkono umechoka kabla sentensi haijafika mwisho. Kwenye swali la 19 nimeandika mstari mmoja nikafuta. Mimi nina diploma ya uhasibu.

Nikakumbuka mtihani wangu wa uraia, 2016. Nilipewa kijitabu cha maswali 100 na majibu yake, bure, miezi kabla. Siku yenyewe, wakati ule, uliulizwa mpaka 10, sita yalitosha. Nilipata sita ya mwanzo, afisa akafunga faili akanipa mkono. Mimi, mtu wa kuja na ndege. Mkulima aliyezaliwa Amite, na baba yake kazaliwa Amite, hakuambiwa swali kabla, na akianguka hakuambiwa kosa lake. 1962 waliliweka hilo kwenye sheria kabisa: karani asimweleze mtu sababu ya kushindwa, isije ikawa anamsaidia kwa safari ijayo. Sheria za mwaka huo ziliagiza pia majina ya waombaji yachapwe gazetini wiki mbili, ili mwenye shamba, mwenye duka na meneja wa benki wayaone. Sasa rudi kwenye swali la mwajiri.

Saa kumi na moja jengo likafungwa. Nimetoka na nakala moja ya fomu, senti chache.

Jumamosi, 23 Septemba. Jackson hadi McComb

Asubuhi makumbusho ya haki za kiraia, jirani na jengo la jana. Yalifunguliwa 9 Desemba 2017. Mtanzania ataikumbuka tarehe hiyo bila kuambiwa. Sitaandika mengi. Kuna nguzo zenye majina ya walionyongwa na makundi ya watu, nyingi, nimesoma mbili nikatoka nje kupata hewa. Ipo na bunduki iliyomuua Medgar Evers, mpigania haki za weusi wa hapa Jackson.

Kilichonifaa zaidi ni maelezo ya namna fomu zilivyopona. Mei 1960 ilipita sheria ya nchi iliyomlazimisha kila karani kutunza karatasi za uandikishaji miezi 22 na kuwaonyesha wanasheria wa serikali kuu wakizitaka. Vijana wa Wizara ya Sheria, John Doar akiwa mmoja wa wakubwa wao, wakawa wanashuka kusini kupiga picha fomu, maelfu kwa maelfu, kisha wanaziweka meza moja: ya mzungu aliyefaulu na ya mweusi aliyeanguka, kaunti moja, mwezi mmoja, karani mmoja. Mwandiko ukatoa ushahidi. Makarani wale waliandika na kufaili vizuri kabisa, naamini kwa sababu hawakuwahi kufikiri kwamba kuna atakayekuja kusahihisha kazi yao.

Barabara ya I-55 kusini, saa moja na nusu, misonobari kushoto na kulia, hakuna mlima. Mtu wa Same anapata shida mahali pasipo na mlima, hajui atazame wapi.

McComb ni mji wa reli. Nimefikia chumba cha kulala wageni nyumbani kwa mama wa miaka 71, mtaa wa Burglund, upande wa weusi. Ameniuliza jina langu mara tatu akalikata nusu. Nimemwambia nilikotoka na nilichofuata. Hakusema kitu, akaniwekea maharage mekundu na wali. Nikasema haya ni ya nyumbani. Akasema, "Ya nyumbani kwa nani?" Tukabishana mpaka saa nne.

Jumapili, 24 Septemba. McComb

Kanisani saa tano, tumetoka saa nane na nusu. Alipowatambulisha wageni, mchungaji alisema nimetoka "Tasmania". Nimesimama nikapunga mkono.

Mchana mama mwenye nyumba alifungua Biblia kubwa ya familia. Sikuitambua karatasi aliyoitoa mpaka nilipoiinamia: stakabadhi. Ukubwa wa noti, rangi ya chai iliyomwagika, mkunjo wa katikati umeshikwa na selotepu. Imeandikwa kodi ya kichwa, dola 2.00, jina la baba yake, na sahihi ya sherifu, maana mpokeaji kodi alikuwa sherifu. Jina la baba limeandikwa bila "Bwana". Zipo tatu, za miaka mitatu iliyofuatana. Baba yake alilipa kila mwaka kabla ya Februari kuanza, na hakupiga kura hata mwaka mmoja kati ya hiyo, kwa sababu stakabadhi ilikuwa ruhusa ya kuusogelea mlango tu, ndani kulikuwa na fomu.

Nimemweleza kwetu kodi ya kichwa ilivyokuwa. Mkoloni alikuwa anakukimbiza porini. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakajaa Same kuikataa kodi ya mbiru, babu yangu alikuwamo, wakasema tutalipa lakini si kwa hesabu hii ya kuchungulia mali ya mtu. Akauliza, "Waliokataa walifungwa?" Viongozi walikamatwa, ndiyo. Akatikisa kichwa: hapa hakuna aliyefungwa kwa kutolipa. Na ni kweli, katiba ya 1890 yenyewe inakataza kumshitaki asiyelipa kodi ya kichwa. Nimelifikiria hilo jioni nzima. Kodi pekee niliyowahi kuisikia ambayo serikali iliomba kimoyomoyo watu wasilipe.

Baba yake alikuwa mtu wa reli. Hilo lina maana kubwa kuliko nilivyodhani. Mshahara wake ulitoka kampuni ya reli, mbali. Mzungu wa McComb hakuwa na namna ya kumkatia. C. C. Bryant, mwenyekiti wa tawi la hapa la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, naye alikuwa mtu wa reli, ndiye aliyempokea Moses Julai 1961. Pike, kaunti ya McComb, ilikuwa na weusi mia mbili na kitu daftarini kwa sababu hiyo. Ukivuka kuingia Amite, ambako watu waliishi kwa shamba, alikuwamo mmoja. Kaunti nzima, mmoja. Walthall, ng'ambo ya pili, hakuna.

Agosti 7 Moses alifungua darasa juu ya duka la vyakula, kwenye ukumbi wa Wamasoni (Freemason) weusi, akawa anafundisha fomu. Swali kwa swali, ibara kwa ibara, kama hesabu. Habari zikavuka mpaka, wakulima wa Amite wakaja kuuliza, na sisi je?

Mama alikuwa na miaka tisa. Anachokumbuka ni Oktoba ya mwaka ule, wanafunzi zaidi ya mia wa sekondari ya Burglund wakipita mtaani kwenda ukumbi wa mji, na bibi yake akimshika gauni nyuma asitoke. Walikuwa wanaandamana kwa ajili ya mwenzao, Brenda Travis, aliyefukuzwa shule, na kwa ajili ya mtu wa Amite aliyeuawa wiki moja na kitu kabla. Kesho ndiyo tarehe yake. Sikuipanga, ratiba ya likizo ndiyo iliyopanga.

Jumatatu, 25 Septemba. Liberty

Barabara namba 24 kwenda magharibi, nusu saa. Malori ya magogo yanakupita na mnyororo unagonga. Amite ni jina la Kifaransa lililochakaa mdomoni, mzizi wake ni urafiki. Liberty ni uhuru. Kwa hiyo nimeendesha gari kutoka McComb kwenda Uhuru, makao makuu ya kaunti ya Urafiki. Nimemwandikia mjomba hivyo hivyo. Akajibu: "Usinitanie."

Mji ni barabara chache. Mahakama ni ya matofali, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1830, ndiyo kongwe kuliko zote zinazotumika jimboni. Upo na mnara wa askari wa Kusini, wa 1871. Sikukuta foleni wala kelele. Mbwa amelala chini ya gari la kubebea mizigo, mzee wa kizungu ameninyanyulia kofia akasema habari za asubuhi, nami nikaitikia. Nimekaa kwenye gari kwanza. Nilitaka nipange tarehe kichwani kabla ya kushuka.

Agosti 15, 1961, Moses alileta watu watatu hapa, mzee mmoja mkulima na kina mama wawili. Walingojeshwa saa sita. Karani alimuuliza kila mmoja anataka nini, na wenyewe, watu wazima na nyumba zao, sauti ikakauka. Moses ndiye aliyewasemea. Mwishowe walijaza fomu. Njiani kurudi polisi wakasimamisha gari, wakamkamata yeye kwa kosa la kumwingilia askari kazini. Alikataa kulipa dola 5 za gharama za mahakama, akalala siku mbili mahabusu.

Agosti 29 alirudi na wawili wengine. Jamaa wa sherifu akamkuta njiani akampiga kichwani kwa mpini wa kisu, damu ikajaa shati. Hapa ndipo mjomba alipotaka nipaone: Moses alisimama, akawaambia wenzake waendelee, wakafika mlangoni kwa karani. Karani akafunga ofisi. Ndipo akaenda kushonwa. Kisha akafanya jambo ambalo mweusi hakulifanya Amite: akamshitaki mzungu aliyempiga. Ilisikilizwa humu humu, siku mbili tu baadaye, na mshitakiwa akaachiwa.

Septemba 24, Jumapili, Doar alikuja toka Washington mpaka shambani kwa E. W. Steptoe, mwenyekiti wa NAACP wa Amite. Steptoe akamtajia walio hatarini. Mmojawao alikuwa Herbert Lee, mkulima wa ng'ombe wa maziwa mwenye shamba lake, baba wa watoto tisa, aliyekuwa akimwendesha Moses kutoka nyumba hadi nyumba. Walimpitia nyumbani, hakuwapo. Doar akapanda ndege kurudi. Jumatatu asubuhi, tarehe kama ya leo, Lee alipeleka pamba kwenye kiwanda cha kuchambua, hapa mjini, na mjumbe wa bunge la jimbo, E. H. Hurst, jirani aliyekua naye, akampiga risasi ya kichwa mchana kweupe. Maiti ilikaa chini saa kadhaa. Baraza la uchunguzi la wazungu watupu lilisema Hurst alijihami. Shahidi mweusi, Louis Allen, mkata magogo, alilazimishwa kuunga mkono. Baadaye aliwaambia watu wa serikali kuu ukweli, na 31 Januari 1964 akauawa kwenye geti la nyumba yake. Kesho yake alikuwa anahamia Milwaukee. Hakuna aliyehukumiwa kwa lolote kati ya hayo mawili.

Nadhani sasa nauelewa mpango. Fomu ilikuwa ya mtu anayeweza kufukuzwa shambani, kukatiwa mkopo wa mbegu, kunyimwa kazi. Lee na Steptoe walikuwa na ardhi yao. Mtu mwenye ardhi yake anaweza kuanguka fomu leo, akarudi mwezi ujao, na mwezi ujao tena. Kwa hao karatasi haikutosha.

Miezi miwili na nusu baada ya Lee kuzikwa, bendera yetu ilipandishwa Kilimanjaro. Mjomba alikuwa mtoto, anakumbuka sukari iliyogawiwa shuleni.

Nimeshuka. Nimepanda ngazi, nimeingia. Ndani kuna harufu ya mbao na dawa ya kusafishia sakafu. Dirishani kwa karani, mama mmoja wa kizungu mwenye miwani ya mnyororo ameniuliza, mpenzi, nikusaidie nini? Sikuwa nimejiandaa kuulizwa swali lile lile. Nimesema naomba kuona fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Akasema unaishi hapa? Nikasema hapana, nimeandikishwa Illinois, nataka kuiona tu. Akachomoa moja kwenye trei akanipa, akarudi kwenye kompyuta yake. Karatasi moja. Jina, anwani, namba ya leseni, sahihi.

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kuna kipande unachotia sahihi kwamba hukutiwa hatiani kwa makosa fulani, na kwenye orodha yake yamo makosa ya 1890, wizi, uchomaji moto, kughushi, ndoa ya pili juu ya ya kwanza, yaliyochaguliwa na wale wajumbe 134 kwa sababu waliamini ndiyo makosa ya weusi. Uuaji haukuwamo, uliongezwa 1968. Aliyenyang'anywa kura kwa orodha hiyo hata leo anairudishiwa kwa muswada wenye jina lake, upite mabunge yote mawili kwa theluthi mbili. Mitihani na kodi ya kichwa vilikufa na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 na hukumu ya mahakama ya 1966. Orodha bado ni nzima.

Nje nimepiga picha ya mlango na ya ngazi. Nimemtumia mjomba. Akajibu kwa sauti, kwa Kipare, maneno ambayo sitayaandika hapa.

Jumanne, 26 Septemba. Magnolia, Jackson, treni

Mama amenifungia maharage kwenye bakuli la plastiki na kusema nirudi na bakuli lake.

Nimesimama Magnolia dakika ishirini, ni kusini kidogo tu ya McComb. Hapa ndipo ilipokuwa mahabusu ya kaunti ya Pike, na Novemba 1961, baada ya maandamano ya wanafunzi, Moses na wenzake walifungwa humu. Aliandika barua ikatoroshwa nje. Sehemu yake ya mwisho inajulikana sana, ile ya mtikisiko katikati ya siwa la barafu. Mimi napenda ya mwanzo, anaposema yuko kwenye chumba cha walevi, na vijana wanne wako macho wanapiga soga, zaidi kuhusu wasichana.

Gari nimelirudisha Jackson, treni imeondoka jioni. Nimemtumia mjomba picha za fomu ya 1955, kurasa zote, nikiwa najua amelala.

Greenwood tumeipita giza limeshaingia, uwanda mtupu, taa moja moja. Simu ikalia. Same ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, wakati wazee wanaamka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimeivuta nikaisoma yote. Ile ya 18 ningenakili. Ile ya 20 ningeandika insha. Sasa niambie," akasema, na nikamsikia anakohoa, anatafuta miwani, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, "alama za kufaulu ni ngapi? Ukurasa gani?"

Nimewasha taa ya juu ya kiti, nikaitoa ile nakala nikaanza tena mwanzo, swali la 1.